Eda ya Vitunguu vya Maua

Jumapili, Septemba changa. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya Durban yasiyonyesha yakaisha wala yasiyokatika ukatoka. Moyo mzito kama gunia la sukari lililonyeshewa.

Shajara yangu, wewe unanijua. Mimi ndiye Anko Seif wa Albert Park, dereva wa foklifti kule Mobeni, mzaliwa wa Muheza, mtu aliyevuka Limpopo mamba wakampisha wakidhani ni mkaguzi wa mto. Shule niliishia darasa la sita. La saba nililiona kupitia dirishani. Lakini ya dunia nimeyasoma yote, na mengine nimeyatunga mwenyewe. Humu kwenye blogu nilishawaeleza wasomaji jinsi nilivyonyanyua kontena zima kwa foklifti yenye gurudumu bovu, mkono mmoja usukani, mkono wa pili chapati. Wengine mliamini. Ahsanteni.

Leo sina kontena.

Leo nataka kuandika habari ya vitunguu vya maua vya marehemu mke wangu, Zaituni. Vimeoza. Nimevikuta leo, na nimeviozesha mimi.

Kwa asiyejua, kuna ua linaitwa glediola. Refu kama fimbo ya mwalimu, maua yamejipanga upande mmoja toka chini hadi juu. La Zaituni lilikuwa jeupe, kooni jekundu kama ndani ya mdomo wa paka. Chini ya udongo lina kitunguu, bapa kama kashata, chenye maganda ya kahawia. Msimu wa joto wa huku, Desemba hadi Februari, linachanua. Joto likiondoka majani yananyauka, na kitunguu kinalala. Kuna watu wanakiacha kilale udongoni. Zaituni alikuwa hakiachi.

Alijifunza kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyemfanyia kazi za nyumbani kule juu milimani, enzi hizo bado hatujaonana. Huko baridi ikiingia umande unaganda mweupe kwenye majani kama chumvi, na kitunguu chochote kilichosahauliwa ardhini asubuhi ni uji. Basi kabla ya baridi walivichimba vyote, wakavikung'uta udongo, wakakata mashina, wakavianika kivulini mpaka vikauke, wakavitia kwenye soksi ndefu za kike zilizotoboka, wakavining'iniza ndani ya nyumba, mahali pakavu penye giza. Joto likirudi, vinarudi ardhini.

Sasa Durban baridi hiyo haipo. Durban ya Julai mtu anavaa sweta kwa heshima tu. Majirani walimwambia, dada, viache ndani ya ndoo zako pale barazani, nani atavidhuru? Na mimi nilimwambia, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma kilimo. Akanijibu kwamba ua nalo limefanya kazi, lina haki ya kulala pakavu. Kila Mei akavichimba. Kila mwaka soksi zikaning'inia kwenye kabati letu la nguo, nyuma ya mabaibui yake, kama miguu ya mwanamke mnene aliyejificha. Mara ya kwanza nilipofungua kabati gizani nikazigusa, nilipiga kelele wakasikia mpaka bandarini. Hiyo si chumvi. Hiyo ilitokea.

Kila nikitaka kusaidia alinipa sharti moja. "Seif, kitu kimoja tu havitaki. Unyevu. Vikishalala, usivipe hata mate yako."

Nililisikia sharti hilo miaka yote ya ndoa yetu.

Zaituni alifariki Februari. Presha. Maua yalikuwa yamefunguka nusu. Ua hili linafunguka kuanzia chini kwenda juu, taratibu, moja baada ya jingine. Tulipotoka kuzika yalikuwa yamefika katikati ya fimbo. Watu wamekaa kwangu kwenye mikeka wanasoma, wanakula, wanaosha sahani, na pale barazani yale ya juu yanaendelea kufunguka kama kwamba hayajapewa habari. Nilitamani mtu ayaambie. Nikaona mwenye kuyaambia ni mimi, na mimi sina ulimi huo.

Baada ya arobaini wazee wa jamaa yetu ya Kitanzania walikuja kunikalisha. Watu wazuri, sina neno nao. Mmoja akanishika goti akasema, "Seif, mwanamume hana eda. Mwanamke ndiye anayekaa miezi minne na siku kumi. Wewe ukitaka hata kesho, halali yako. Kuna dada pale Point, mjane, anapika pilau la kumfufua mtu." Wakacheka kidogo kunichangamsha. Na mimi nikacheka, nikawaambia nikitangaza tu nia, foleni ya wanawake itaanzia kwenye robot ya chini, taa za barabarani, mpaka ghorofani kwangu, na lifti yenyewe mbovu, watachoka.

Wakaondoka wameridhika. Mimi nikabaki nimekaa palepale.

Mwanamume hana eda. Neno la dini, silibishii. Lakini nataka kukuuliza, shajara: kama mwanamke akifiwa anapewa giza lake, anapewa utulivu wake, hakuna wa kumwambia ajipake wanja au atoke, mwanamume ile miezi anaiweka wapi? Mimi Jumatatu nilikuwa juu ya foklifti. Bosi alinipa pole kwa kunigonga bega, kisha akanionyesha mzigo.

Basi Mei ilipoingia nikavichimba vitunguu mwenyewe, mara ya kwanza maishani. Nilitumia kijiko cha kupakulia wali. Nikavikung'uta, nikavianika, nikavitia kwenye soksi zake, nikavining'iniza nyuma ya mabaibui yake. Nilipofunga mlango wa kabati neno likanitoka bila kulitafuta. Nikasema, kaeni eda nyinyi. Mnikalie na ya kwangu.

Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa shemeji yangu Rukia, mdogo wake Zaituni, ambaye anakuja Durban na vitenge na kanga, anauza, anarudi Tanga. Rukia alisema, "Shemeji, wewe una wazimu." Halafu akaenda jikoni akakaa huko kitambo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Siku ya mazishi nilipewa marashi ya halwaridi ninyunyize juu ya kaburi. Nikanyunyiza. Chupa ikabaki zaidi ya nusu, nikarudi nayo nyumbani mfukoni mwa kanzu. Nilikuwa nimejiwekea ahadi kila Ijumaa nitakwenda makaburini nimnyunyizie. Lakini Ijumaa ni siku ya malori pale kazini. Nikitoka, jua limekwisha na geti la makaburi limefungwa. Ijumaa ya kwanza sikwenda. Ya pili sikwenda. Zikapita hivyo mpaka Mei, vitunguu vishaingia kabatini. Ijumaa moja nilirudi nyumbani nimechoka, nafsi inanisuta, nikafungua kabati nichukue shuka, nikaziona zile soksi.

Nikachukua chupa, nikanyunyiza kidogo. Nikasoma Fatiha. Nikafunga.

Wallahi nililala vizuri. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata nikanyunyiza tena. Ikawa ndiyo desturi. Mei iliyobaki, Juni, Julai, Agosti. Chupa ilipokwisha nikanunua nyingine kwa Wahindi. Kabati likanukia kama bibi harusi, na mimi najiona nimevumbua kitu ambacho wanavyuoni wamekikosa. Sharti la unyevu nilikuwa nalijua. Lakini akili yangu ilikataa kuyaita marashi kuwa ni maji. Maji ni ya bomba. Hii ni ibada.

Na kila Jumapili, simu ya Muheza.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahamisi, ni mtu mzima sana, miguu haimchukui hata kufika barabarani, sembuse kuja kumzika mwanawe Afrika Kusini. Februari alipopata habari hakulia. Alisema kazi ya Mola haina makosa, akauliza kama watu wamekula. Mimi nikaogopa. Mama asiyelia ni kama sufuria lililofunikwa kwenye moto mkali. Nikawa napiga simu kila Jumapili kumwangalia, na tangu Mei, kwa kuwa sikujua la kusema, nikawa nampa habari za vitunguu.

Mwanzo nilisema kweli: vimelala, viko salama. Akasema, "Ala." Jumapili ya pili nikaongeza kwamba vimenenepa. Ya tatu nikasema vimekuwa kama nazi, na kabati limeanza kulia kwa uzito. Akacheka. Ndugu yangu, nilivyomsikia mama yule akicheka, nilijiona nimepewa cheo. Tangu hapo sikushika breki. Nikamwambia vitunguu vinagonga mlango alfajiri vikitaka kutoka, mpaka jirani analalamika. Nikamwambia fundi umeme alikuja kupima ukuta akakuta mizizi imeingia kwenye waya, taa za mtaa mzima zinanukia maua. Na yeye ananichochea, "Kisha? Kisha vikafanyaje?" Anauliza kama vimekula. Anauliza kama kuna baridi, kama nimevifunika. Akikata simu anasema, "Nisalimie huko."

Sikumuuliza nimsalimie nani.

Julai akatoa ombi lake. Rukia akirudi Septemba, amletee vitunguu hivyo avipande karibu na mlango wa jiko, mahali anapokaa asubuhi. Vimepita mkononi mwa mwanangu, alisema, na mimi sijashika hata mchanga wake. Nikamjibu nitampelekea gunia. Akawaita vijana wakamlimia kibustani, wakatia na mboji. Wiki iliyopita alinitumia picha: udongo mweusi umelimwa safi, kigoda chake pembeni.

Kumbe vitu vilikuwa vinaharibika tangu lini, sijui. Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani mwenye saluni, Alhamisi alinisimamisha kwenye korido. "Papa Seif, kwako kuko harufu. Parfum na kitu ya kuoza, byote pamoja. Ni panya amekufa akiwa anaenda ku mariage, ku ndoa?" Nikamwambia ni uturi wa kifalme, pua za kawaida zinahitaji muda kuuzoea. Akasema, "Eish, basi ule mfalme wako azikwe." Nikacheka naye. Nikaingia ndani, nikafungua dirisha. Kabati sikulifungua. Nadhani nilikwisha kujua.

Rukia kaja leo baada ya chai. Basi lake linaondoka Jumatano.

"Shemeji, gunia langu liko wapi? Nimekuja na begi tupu kama ulivyoniagiza."

"Gunia linajiandaa," nikasema. "Si unajua mambo ya kike."

Akaenda mwenyewe kwenye kabati. Alipofungua alirudi nyuma hatua, mkono puani. Akasogeza mabaibui ya dada yake. Soksi ya kwanza chini yake ilikuwa imelowa, imekuwa nyeusi. Aliigusa kidole kikazama ndani.

Tulizishusha zote tukazimwaga juu ya gazeti sakafuni. Sitaki kueleza sana. Vilikuwa laini kama ndizi iliyokanyagwa, vingine vimeota ukungu wa kijani, na vyote vinanukia halwaridi. Hicho ndicho kilichonimaliza. Laiti vingenuka tu kama kitu kilichooza. Vilinuka kama siku ya maziko.

"Umevitia nini?" Rukia akauliza.

"Marashi."

"Marashi gani?"

"Ya halwaridi. Kila Ijumaa."

Akakaa kitandani. Akasema polepole, "Shemeji. Si wewe mwenyewe uliyesema vinakaa eda?"

"Ndiyo."

"Sasa mtu aliye edani hutiwa manukato?"

Jambo hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Mwanamke wa eda haguswi na manukato, hata sabuni ya kunukia anaepushwa. Mimi niliyevikalisha eda kwa kinywa changu ndiye niliyevivunjia eda kwa mkono wangu, na hapohapo nikavunja na sharti la mwenyewe Zaituni, yote mawili kwa chupa moja. Rukia akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na mtandio ukawa unatikisika, na nikatambua kwamba kicheko kilikwisha zamani. Na mimi nikalia, shajara. Nililia vile ambavyo Februari sikulia, nimepiga magoti kwenye gazeti, mikono imejaa ule uozo wenye kunukia.

Tukatulia. Rukia akafuta macho akawa mfanyabiashara tena. Akasema kuna duka la miche njiani kwake, wanauza vitunguu kama hivi ndani ya mfuko wenye picha, vyeupe vipo. Tuvinunue, tuvitie kwenye soksi ya Zaituni, apeleke. "Mama macho yake hayaoni vizuri. Atapanda, litaota ua jeupe, atafurahi. Nani atamwambia?"

Nakiri hapa, nilishakubali. Nilikuwa hata natafuta soksi iliyo kavu. Ndipo niliponyoosha mkono kwenye soksi ya mwisho nikahisi kitu kigumu chini kabisa kwenye vidole vyake. Vitoto. Kitunguu kikubwa huwa kinazaa vijitunguu vidogo pembeni, kama punje za mahindi, vyenye ganda gumu. Vilikuwa vimedondoka chini, vikazibwa na uchafu wa udongo mkavu, marashi hayakuvifikia. Zaituni alikuwa akivikusanya kwenye kifuniko cha kopo la kahawa. Vinaota, ila havichanui upesi. Unavipanda, unavichimba, unavilaza, unavipanda tena. Miaka mitatu alisema, kwa mwenye bahati miwili.

Simu ikalia. Jumapili, na mimi sikuwa nimempigia, kwa hiyo amepiga yeye.

Rukia akasukuma simu upande wangu. "Sema chochote. Wewe hukosi maneno."

Na kweli sikuyakosa. Hapohapo, na uozo ule mikononi, hadithi ilinijia nzima nzima, tena nzuri kuliko zote: kwamba vitunguu vilipopata habari ya safari ya Muheza vilikataa kupanda basi, vinataka ndege, vimemwandikia bosi wangu wa Mobeni. Mama angecheka wiki nzima. Ilikuwa imefika kwenye meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Rukia amefika? Vitunguu hawajambo?"

"Mama, vimeoza."

Rukia akageuka akanitazama.

Sijui kwa nini nilisema. Labda ni ile harufu. Labda mtu hawezi kunyanyua simu kwa mkono wenye kitu kile halafu akachekesha.

"Vimeoza vingapi?"

"Vyote, mama. Nilivinyunyizia marashi, nikaviozesha. Vimebaki vitoto tu, vidogo kama punje. Hivyo vinataka miaka mitatu ndipo vitoe ua."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sina miaka mitatu, Seif."

Nilipekua kichwa chote, mimi, nikakuta kitupu. Nikasikia kuku wa Muheza nyuma yake, na mtu akitwanga mbali. Halafu mama akasema, si kwangu, ni kama anajiambia:

"Basi Zaituni amekufa."

Na akalia. Sauti nyembamba, ya mtoto, haina maneno. Akalia tukimsikiliza mimi na Rukia kwenye spika, vichwa vimekaribiana juu ya gazeti, mpaka mtu wa kule akaja akaichukua simu kumnyamazisha na simu ikakatika.

Miezi yote hiyo nilijidhania namliwaza. Kumbe nilikuwa nimemwekea mwanawe hai kabatini. Ametulia, amenenepa, anagonga mlango alfajiri, joto likirudi atatoka. Nani asingecheka kwa habari kama hizo? Nani angelia?

Rukia alichagua vitoto kimoja kimoja, akavigawa mafungu mawili. Moja akalifunga kwenye karatasi akatia kwenye pochi yake. Nikamuuliza anavipeleka vya nini, na mama ameshasema hana miaka hiyo. Akasema, "Bustani imeshalimwa, shemeji. Haiwezi kukaa tupu." Alipofika mlangoni akaniambia ninawe mikono mpaka viwiko. Nilimsindikiza mpaka chini, nikamwita taxi, akaingia.

Vile vilivyooza nikavirudisha kwenye ndoo za barazani, ndani ya udongo wake mwenyewe. Sikuona pengine pa kuviweka. Vitoto vyangu nikavipanda kwenye ndoo nyingine, kwa kijiko kilekile. Manyunyu yalikuwa yakipeperushwa mpaka ndani ya baraza, yakavimwagilia. Sasa ni ruhusa.

Baada ya Alasiri, simu ikalia tena.

Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini imetulia. Hakusalimia. Alisema, "Februari uliniambia mwanangu alikufa anatabasamu. Ukasema alitamka shahada ikasikika ghorofa ya chini. Ukasema jeneza lilifuatwa na magari mpaka baharini."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ilikuwa yako. Sasa nipe yake."

Nikakaa kwenye kizingiti cha baraza.

Nikamwambia. Kwamba alikuwa anaosha vikombe, akasema kichwa kinamuuma, akakaa chini sakafuni. Kwamba gari la wagonjwa lilikuja, nikapanda nalo, na njiani alinishika kidole gumba, hakusema kitu. Kwamba hospitali walimpitisha mlango ambao mimi sikuruhusiwa, nikakaa kwenye benchi. Kwamba nesi alitoka akavua glavu, akaniambia ngiyaxolisa, baba, na mimi Kizulu changu ni cha sokoni lakini pole naijua. Kwamba sikusikia shahada wala neno lolote, na kama alilitamka, alilitamka nyuma ya mlango. Kwamba mazishi yalikuwa siku ya kazi na mvua inanyesha, hatukujaza hata safu mbili, na wanaume wawili wa Kikongo wa korido yetu, Wakristo, walisimama pembeni wameshika viatu vyao mkononi kwa heshima, hawajui kama wavae.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Dera la kijani. Lile lenye mkono ulioungua na pasi."

"Nilimshonea mimi," mama akasema.

Kisha akasema ahsante, akaniaga kwa jina langu tu, akakata.

Nimekaa hapa na simu. Maisha yangu yote nimesimulia. Nimesimulia kwenye malori, kwenye misiba, kwenye foleni za vibali, na hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikimaliza kabla chai haijapoa. Hii haikufika hata nusu ya kikombe.